Kutoka Tabora na Kigoma Hadi Ndani ya Ndege: Mwongozo Kamili wa Kazi ya Rubani na Mhudumu katika Shirika Dogo

Kila matokeo ya kidato cha nne na cha sita yanapotangazwa, simu yangu huanza kuita. Wanaopiga ni wazazi na vijana wa Tabora na Kigoma, na swali lao huwa lilelile: mtoto anataka kuruka, je, ada ilipwe chuo gani? Huwa ninawajibu kwamba swali hilo ni la nne au la tano, si la kwanza, na kwamba fedha nyingi zinazopotea katika safari hii hazipotei kwa sababu kijana hana akili, bali kwa sababu hatua zimefuatwa kinyumenyume. Nimeshuhudia shamba la tumbaku likiuzwa kule Urambo kwa ajili ya ada ya urubani, kisha mwezi wa nne wa masomo daktari akagundua kwamba kijana hatofautishi vizuri rangi nyekundu na ya kijani. Kijana alirudi nyumbani, lakini shamba halikurudi.

Kwa hiyo nimepanga maelezo haya kwa kufuata utaratibu ambao ningependa mtu angenieleza nilipokuwa kijana wa Isevya, mjini Tabora. Nilianza kazi kama mhudumu wa ndani ya ndege katika shirika dogo, nikaweka akiba kwa miaka kadhaa, nikasomea urubani, na sasa ninakaa kiti cha mbele. Nitazungumzia kazi zote mbili, kwa kuwa wanaozifanya hufanya kazi kama mkono wa kulia na wa kushoto, na anayeijua moja tu hujua nusu ya kazi.

Elewa kwanza ni kazi ya namna gani

Kwa watu wengi, ndege ni ile kubwa inayokwenda Dubai. Kazi ya shirika dogo ni tofauti. Ndege zake kwa kawaida ni za mapanga: Cessna Caravan yenye injini moja, inayobeba abiria wapatao 12 na kutua kwenye viwanja vya udongo kama vile vya Mahale na Katavi, au ATR na Dash 8 Q400 zenye injini mbili, zinazobeba kati ya abiria 48 na 76 na kutua kwenye viwanja vya mikoa. Siku moja inaweza kuwa na miruko minne au mitano mifupi. Kutoka Tabora hadi Kigoma ni takriban kilomita 350 kwa mstari ulionyooka, yaani nusu saa na ushei hewani, na ukiondoa dakika za kupanda na za kushuka, mhudumu hubakiwa na kama robo saa ya kugawa maji, kukusanya chupa tupu na kuhakikisha kila mkanda umefungwa tena. Mtu anayedhani kazi hii ni kutabasamu na kuvuta kijisanduku chenye magurudumu hushangaa sana wiki ya kwanza.

Kanuni iliyozoeleka duniani ni mhudumu mmoja kwa kila viti 50 au sehemu ya 50. Ndiyo maana Q400 yenye viti 76 huwa na wahudumu wawili, ATR 42 yenye viti 48 huweza kuruka na mmoja, na Caravan haina mhudumu kabisa. Katika Caravan rubani ndiye anayewapokea abiria, kupima mizigo, kuonyesha jinsi ya kufunga mkanda, kufunga mlango kwa mkono wake na kisha kwenda kuwasha injini. Kijana asiyetaka kubeba begi la mtu mwingine kwenye jua la saa nane mchana atafute kazi nyingine.

Hatua ya kwanza: afya kabla ya shilingi

Kabla ya kulipa ada popote, nenda kwa daktari wa usafiri wa anga. Hospitali yoyote inaweza kukupima shinikizo la damu, lakini cheti kinachokubalika hutolewa na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na orodha ya madaktari hao hupatikana kwa mamlaka yenyewe. Ukipanda treni kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya mambo ya chuo, safari hiyo ianzie kwa daktari.

Rubani anayetaka kulipwa kwa kuruka anahitaji cheti cha daraja la kwanza. Hupimwa macho, usikivu, moyo, mapafu, mkojo, damu na hali ya akili. Miwani haimzuii mtu: kinachotakiwa ni kila jicho lifikie kipimo cha 6/9, yaani kwa mita 6 lisome herufi ambazo mwenye macho mazuri huzisoma kwa mita 9, na yote mawili pamoja yafikie 6/6, kwa miwani au bila miwani. Kwa wengi, kikwazo halisi ni rangi. Kipimo chake ni kitabu chenye kurasa za vidoto vya rangi ambamo tarakimu zimefichwa, na mtu anaweza kuishi miaka 20 bila kujua kwamba ana tatizo hilo, kwa kuwa hakuna anayemwuliza embe lililoiva lina rangi gani. Kifafa ni kizuizi kikubwa, na kukificha ni hatari kwako na kwa watu walio nyuma yako. Mhudumu naye hupimwa, ingawa kipimo chake ni chepesi kuliko cha rubani.

Ukishafaulu, tunza cheti hicho. Cha rubani wa biashara aliye chini ya miaka 40 hudumu miezi 12, na kila mwaka utarudi kwa daktari. Maisha yako yote ya kazi yatategemea karatasi hiyo, kwa hiyo usingizi, chumvi na pombe si mambo ya faragha tena.

Hatua ya pili: masomo na Kiingereza

Hesabu, Fizikia, Jiografia na Kiingereza ndiyo masomo yanayokuja kukusaidia. Usikubali kuambiwa kwamba asiyepitia mchepuo wa sayansi hana nafasi, kwa maana vyuo hutofautiana katika masharti yake. Lakini ukweli ni kwamba rubani asiyeweza kugawanya na kuzidisha kichwani atateseka. Kushuka kutoka futi 20,000 hadi futi 3,000 kwa kasi ya futi 1,500 kwa dakika kunahitaji dakika ngapi, na katika dakika hizo ndege itakuwa imekwenda umbali gani? Rubani hufanya hesabu hiyo kila siku akiwa anasikiliza redio, na hana nafasi ya kushika kalamu.

Kiingereza kina mtihani wake. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeweka ngazi sita za umahiri, na rubani wa safari za kimataifa lazima afikie angalau ya nne, ambayo hurudiwa kupimwa kila baada ya miaka mitatu. Kinachopimwa hapo ni matamshi yanayoeleweka, kusikia vizuri kwenye redio yenye mikwaruzo, na uwezo wa kueleza jambo lisilotarajiwa. Sisi wa magharibi tuna tabia ya kubadilishana r na l, na kwenye redio tabia hiyo inaweza kugeuza maana. Nilijizoeza kwa kusoma tarakimu na maelekezo kwa sauti huku nikijirekodi kwa simu, jioni, chini ya mwembe, mpaka jirani akamwuliza mama kama nimepatwa na jambo.

Mhudumu anahitaji Kiswahili safi pia, na hapa wengi hudharau. Tangazo la usalama lililosomwa haraka, kwa sauti ya mtu anayekimbilia daladala, halimsaidii bibi anayepanda ndege kwa mara ya kwanza kwenda kutibiwa Dar es Salaam.

Hatua ya tatu: amua unaingilia mlango gani

Uhudumu ni mlango mfupi. Mafunzo yake huhesabiwa kwa miezi, si miaka, na hapa nchini Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, ni miongoni mwa vinavyoyatoa. Cheti cha chuo hakikufanyi uruke, bali hukufanya uweze kuomba. Shirika likikuajiri litakufundisha upya juu ya ndege yake: milango inafunguka vipi, chupa za oksijeni na vizima moto viko wapi, kisanduku cha huduma ya kwanza kina nini. Ndege yenye viti zaidi ya 44 haithibitishwi kuuzwa mpaka ionyeshwe kwamba abiria wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 kwa kutumia nusu tu ya milango ya dharura. Sekunde hizo 90 ndizo sababu ya kuwapo kwa mhudumu, na kugawa soda ni kazi ya ziada.

Kwenye usaili utaulizwa urefu, kwa sababu lazima ufikie kabati za juu, na huenda ukatakiwa kuogelea. Kijana wa Kigoma aliyekulia Kibirizi ana faida hapo kuliko sisi wa Tabora, ambao maji mengi tuliyoyajua utotoni yalikuwa ya bwawa la Igombe.

Urubani ni mlango mrefu na ghali. Viwango vya chini vya ICAO ni hivi: leseni ya rubani binafsi huanza umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka, leseni ya rubani wa biashara huanza miaka 18 na saa 200, au 150 ukifuata mafunzo kamili ya chuo kilichoidhinishwa, na leseni ya juu, ile ya kapteni wa ndege kubwa ya abiria, huanza miaka 21 na saa 1,500. Juu ya leseni ya biashara utahitaji idhini ya kuruka kwa vyombo, yaani ndani ya mawingu, na kwa mashirika mengi idhini ya injini mbili. Gharama ya yote haya huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na mzazi anayeambiwa bei ya chini sana aulize ni saa ngapi zimo ndani yake.

Nafasi yangu ya kusema wazi ni hii: kama familia haina uwezo, anza na uhudumu au kazi nyingine ya uwanjani, kama vile mipango ya safari, huku ukiweka akiba. Watu watakwambia kwamba unapoteza muda. Mimi niliingia darasa la urubani nikiwa tayari ninajua jinsi siku ya ndege inavyokwenda, na wenzangu waliotoka shuleni moja kwa moja walikuwa bado wanashangaa kwa nini mlango hufungwa dakika kumi kabla ya kuondoka.

Hatua ya nne: sasa ndipo uulize chuo

Ndani ya Afrika kuna chaguo. Chuo cha Soroti nchini Uganda kilianzishwa mwaka 1971 wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali. Nairobi ina shule kadhaa kwenye uwanja wa Wilson. Addis Ababa na Afrika Kusini zina zake. Usichague kwa picha. Uliza maswali haya, na utake majibu kwa maandishi: Leseni itakayotolewa itabadilishwa vipi kuwa ya Tanzania, na mitihani gani nitarudia? Chuo kina ndege ngapi zinazoruka leo, si zilizoegeshwa? Wakufunzi ni wangapi? Mwanafunzi wa mwisho alimaliza kwa muda gani?

Swali la ndege ninalirudia kwa sababu lilinigharimu. Chuo nilichokwenda, nje ya nchi, kilikuwa na ndege nne kwenye kijitabu chake, na nilipofika nilikuta mbili hazina injini. Nilikuwa nimelipa ada yote kwa mkupuo. Nilikaa miezi saba nikiruka saa mbili kwa wiki, nikilipa kodi ya chumba na chakula, na fedha yangu ya akiba ikaliwa na kusubiri. Tangu hapo ninamshauri kila mtu alipe kwa awamu, kila awamu ikilingana na saa alizokwisha kuruka. Chuo kinachokataa kabisa utaratibu huo kinakueleza jambo fulani kuhusu hali ya fedha zake.

Na usikimbilie kununua idhini ya aina ya ndege, kwa mfano ya ATR, kabla ya kupata ahadi ya kazi. Idhini hiyo ikikaa bila kutumika hupitwa na wakati, na shirika litakalokuajiri huenda likawa na ndege nyingine kabisa.

Hatua ya tano: mkataba

Shirika dogo likikulipia mafunzo ya ndege yake, litakufunga kwa miaka kadhaa, na ukiondoka mapema utadaiwa. Hilo ni haki yake, lakini soma kiasi kinachodaiwa kinapungua vipi kila mwezi unaofanya kazi. Mkataba unaodai kiasi kilekile mwezi wa kwanza na mwezi wa 35 si mzuri. Angalia pia kama mshahara una sehemu ya msingi au unategemea saa za kuruka pekee, kwa maana msimu wa mvua viwanja vya udongo hufungwa, watalii hupungua, na saa nazo hupungua. Posho ya kulala nje ya kituo iandikwe. Mpe mwanasheria asome. Gharama yake ni ndogo kuliko deni.

Siku ya kazi yenyewe

Jambo la kwanza litakalokuchanganya ni saa. Ratiba ya zamu, ambayo kila mtu huiita rosta, huandikwa kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa tatu. Juu ya hapo sisi tunahesabu kwa Kiswahili kuanzia macheo. Rosta ikiandika 0300, saa ya ukutani ni 06:00, na mama yako ataiita saa kumi na mbili asubuhi. Nilipoanza, niliona 0900 nikaisoma kama saa tatu asubuhi, nikafika uwanjani nimepiga pasi mashati mawili, kumbe ilikuwa saa sita mchana. Hiyo ilikuwa bahati. Aliyekosea kwa upande mwingine huikuta ndege imeondoka. Andika nyakati zote tatu kwenye karatasi mpaka zitakapokukaa kichwani.

Kabla ya mruko, marubani na wahudumu hukutana kwa dakika chache. Marubani hueleza hali ya hewa, urefu wa safari na jambo lolote bovu kwenye ndege. Wahudumu hueleza abiria wa kiti cha magurudumu, mama mjamzito, mtoto asiye na mzazi. Mkutano huo mfupi usiufanye wa kupitisha muda. Mhudumu aliyeambiwa kwamba kutakuwa na msukosuko dakika ya 20 hatakuwa ameshika birika la chai dakika hiyo.

Hali ya hewa ya huku kwetu ina tabia zake. Kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu ya radi hujengeka alasiri, na hakuna rubani mwenye busara anayepita katikati yake. Huyazunguka, au husubiri. Kuanzia Julai hadi Septemba mvua hakuna, lakini mioto ya misitu ya miombo hujaza anga moshi, na uwanja unaouona vizuri ukiwa juu yake hupotea ukiutazama kwa pembe. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa viwanja, na ni vyema kuusoma mwenyewe badala ya kusomewa.

Kisha kuna joto. Uwanja wa Tabora uko takriban futi 3,870 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba, nyuzi joto 33, hewa huwa nyepesi kiasi kwamba ndege hujiona kama iko kwenye uwanja wa karibu futi 7,000. Mapanga hushika hewa kidogo, injini hupumua kidogo, na ndege huhitaji barabara ndefu zaidi ili kuruka. Ongeza na hili: ukienda Kigoma lazima ubebe mafuta ya kufika, mafuta ya kukimbilia uwanja mwingine endapo Kigoma imefungwa na mvua, na uwanja huo mara nyingi ni Tabora, kilomita 350 nyuma yako, pamoja na akiba ya dakika 30 kwa injini za aina hii. Mafuta ni uzito, na uzito una kikomo. Ndiyo sababu wakati mwingine viroba vya dagaa hubaki uwanjani vikisubiri ndege ya kesho. Abiria hudhani wameonewa. Mhudumu na karani wa uwanjani wanaoweza kueleza jambo hilo kwa lugha nyepesi na kwa heshima, wakimwita mtu mama au mzee wangu, huzuia ugomvi ambao askari wangeshindwa kuuzuia.

Mizigo ya huku ina mafunzo yake pia. Kigoma utapokea mawese na migebuka mikavu. Tabora utapokea asali. Mwaka wangu wa kwanza, mama mmoja wa Ujiji alinikabidhi kikapu kilichofunikwa kanga, nami nikakiinua mwenyewe na kukiweka kabati la juu bila kuuliza. Ndani yake kulikuwa na dumu la mawese. Ndege inapopanda, shinikizo la hewa ndani yake hushuka mpaka kufanana na mlima wa hadi futi 8,000, na hewa iliyofungiwa ndani ya chombo huko Kigoma hutanuka kwa karibu moja ya tano. Kifuniko kilifyatuka tukiwa juu ya Uvinza, na tone la kwanza lilianguka kwenye bega la bwana aliyevaa suti ya rangi ya krimu akienda harusini. Mama alisikitika kuliko yule bwana. Tangu siku hiyo ninauliza kila kikapu kina nini, na mwenye mafuta au asali ninamwelekeza abane dumu hewa itoke kabla ya kufunga, alivike mifuko miwili ya plastiki, na lipelekwe chini lisimame wima.

Tangazo la boya

Ndege inayokwenda Kigoma inaweza kupita juu ya Ziwa Tanganyika wakati wa kutua au kuruka. Kwa hiyo tangazo la boya si la kupita. Mimi nililisema hivi, polepole, nikiwaangalia watu machoni: "Boya lako liko chini ya kiti chako. Livae kupitia kichwani, funga mkanda wake kiunoni. Usilijaze upepo ukiwa ndani ya ndege. Lijaze ukiwa mlangoni, unapotoka." Halafu niliongeza sababu, ambayo haimo kwenye kadi: maji yakiingia ndani, boya lililojaa litakuinua mpaka darini, na hutaweza kuzama ili upite mlangoni. Watu wakijua sababu hukumbuka.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya ATR 42 yenye watu 43 ilianguka ndani ya Ziwa Victoria ikikaribia uwanja wa Bukoba. Watu 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili, na 24 waliokoka, wakisaidiwa na wavuvi waliofika kwa mitumbwi. Kila mhudumu wa mikoa ya maziwa anapaswa kuifikiria siku hiyo anapokaa kwenye kiti chake kabla ya kutua, na kujiuliza kimoyomoyo: mlango wangu ni upi, unafunguka kuelekea wapi, nje kuna nini, na ni abiria gani mwenye nguvu niliyempangia kunisaidia? Dakika hiyo ya ukimya haimo kwenye rosta, lakini wakaguzi huiuliza.

Heshima na kasi

Jambo gumu kuliko yote kwa kijana wa kwetu halimo kwenye vitabu vya mitihani. Tumelelewa kutomkosoa mkubwa. Kapteni wangu wa kwanza alikuwa na umri wa baba yangu mkubwa. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, na hadi leo nikikutana naye ninamwamkia. Siku moja tukikaribia kutua, niliona kasi imezidi ile tuliyokubaliana. Nilinyamaza. Tuligusa chini mbali kuliko ilivyopasa, breki zikafanya kazi kubwa, tukasimama salama. Alipozima injini aliniuliza, "Uliiona kasi?" Nikamjibu, "Niliiona, mzee." Akanitazama kwa muda. "Basi mimi nilikuwa peke yangu humu ndani."

Sikulala usiku ule. Nilichojifunza baadaye ni kwamba mashirika yamekwisha kutengeneza njia ya kutoka katika mtego huo, nayo ni maneno yaliyopangwa mapema. Kwanza taja unachokiona: "Kasi imezidi kwa kumi." Asipojibu, taja wasiwasi wako na pendekezo: "Kapteni, hatuko sawa kutua, napendekeza tupande tuzunguke." Asipojibu tena, utaratibu wa kampuni unakuruhusu kushika ndege na kupanda. Maneno hayo hayavunji heshima, kwa kuwa kapteni mwenyewe ameyakubali kwenye mkutano wa asubuhi. Yafanyie mazoezi kwa sauti nyumbani.

Mhudumu naye ana haki hiyo. Ukisikia harufu ya kuungua, au ukiona mafuta yakitiririka kwenye bawa, piga simu ya ndani hata kama umeambiwa usisumbue wakati wa kuruka na kutua. Katizo hilo hukatazwa kwa mambo ya chai, si kwa moto. Eleza ulichokiona, wapi, na tangu lini. Usieleze unachodhani ni sababu yake.

Kubaki kazini

Rubani hupimwa uwezo wake mara mbili kwa mwaka, mara nyingi kwenye simyuleta, yaani mashine ya kuigiza ndege, iliyo nje ya nchi, na huko ndiko injini hufa kila baada ya dakika kumi. Mhudumu hurudia mafunzo ya dharura kila mwaka, akifungua milango, akizima moto halisi na kupumulisha mwanasesere. Jiandae kabla, si kwenye ndege ya kwenda huko.

Kuhusu pombe, kukaa bila kunywa kwa muda wa saa nane kabla ya kazi ni kiwango cha chini kinachojulikana, na mashirika mengi huweka kirefu zaidi. Dawa za mafua za dukani nazo zina zinazosinzisha. Mwulize daktari wako wa anga kabla ya kuzimeza.

Kitabu cha saa za kuruka kiandike jioni ileile, kwa kalamu, na kila mwisho wa mwezi kipige picha kila ukurasa na kuzihifadhi mahali pawili tofauti. Rafiki yangu mmoja aliacha begi lake ndani ya bajaji, na kitabu chenye saa 900 kikaondoka nalo. Alitumia nusu mwaka akizunguka viwanjani kuomba kumbukumbu za miruko aliyoifanya, ukurasa kwa ukurasa, na saa 60 hakuzipata tena.